Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Anayepanda kutoka mjini Bukoba kwenda Rwamishenye, na anayeiacha barabara kuu pale Muhutwe ili kuukabili mlima wa Kamachumu, wilayani Muleba, hukutana na mawe yaliyokaa peke yao katikati ya njia. Mawe hayo hayakuporomoka kutoka mlimani. Yalibebwa na mikono ya watu, yakatiwa nyuma ya magurudumu ya magari yaliyosimama, na magari yalipoondoka yakaachwa pale pale. Usiku, mwendesha bodaboda huyagundua akiwa tayari juu yake. Mtume (s.a.w) ametufunza kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi miongoni mwa matawi ya imani, basi na tujiulize ni tawi la nini kuutia udhia huo njiani kisha tukaenda zetu.

Hata hivyo, makala hii haikusudii kulizungumzia jiwe linaloachwa barabarani peke yake. Tunataka kurudi nyuma hatua moja na kulitazama gari lenyewe. Gari hutoka kiwandani likiwa na breki ya mkono, ile ambayo mafundi wetu huiita hendibreki. Kwa nini basi lihitaji jiwe? Na lipo swali la pili, ambalo katika kurasa hizi za familia lina uzito zaidi: jiwe hilo hubebwa na nani?

Miezi kadhaa iliyopita msikiti wetu hapa Bukoba ulipokea wakfu wa pikapu. Ilitolewa na familia ya muumini mmoja aliyetangulia mbele ya haki, ambaye kwa takribani miaka ishirini aliitumia kusomba ndizi na kahawa kutoka vijiji vya Muleba hadi mjini. Familia ilitaka gari hilo liendelee kufanya kazi ya kheri kwa niaba yake: kubeba mikeka na masufuria wakati wa misiba, kuleta maji ya udhu yanapokatika bombani, na kupeleka futari kwa wasiojiweza mwezi wa Ramadhani. Mjane wa marehemu alitukabidhi funguo na kadi ya gari, kisha akatuonyesha jiwe jeusi, kubwa kama chungu kidogo, lililokaa katika pembe ya bodi ya nyuma.

“Hili nalo ni lake,” akasema.

Pamoja na gari alikuja dereva wake wa siku zote, mzee mpole anayelijua gari hilo kwa sauti yake kuliko sisi tunavyojuana kwa majina.

Safari ya tatu ya pikapu hiyo ikiwa mikononi mwa msikiti ilikuwa ya mazishi, Kamachumu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Tulikuwa tumepakia mikeka na mapipa ya maji, na nyumba ya wafiwa ilikuwa juu ya mteremko. Mzee alisimamisha gari pua ikielekea juu, akabaki amekanyaga breki ya mguu. Hapo ndipo tulipouona utaratibu ambao kumbe ulikuwa wa miaka mingi: mjukuu wake, mtoto wa miaka 11, mwanafunzi wa madrasa, aliruka kutoka nyuma akiwa amelikumbatia jiwe kifuani, akainama nyuma ya gurudumu na kulitia. Mzee akaachia mguu polepole ili gari lilalie jiwe.

Jiwe likazama kwenye tope na gurudumu likalipanda. Mtoto alikuwa bado ameinama. Mtu mmoja akapiga kelele, mtoto akajitupa pembeni, na gari likaanza kurudi nyuma bila haraka. Mzee alikanyaga breki. Pedeli ikashuka karibu na sakafu bila kushika sawasawa, akakanyaga mara ya pili ndipo ikashika, gari likiwa limekwishaingia katika shamba la migomba. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah. Mtoto alitoka kwenye migomba akiwa na tope hadi kifuani, na jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kwenda kulitafuta jiwe lake.

Kamati ilikutana baada ya sala ya Isha siku iliyofuata. Maoni yalikuwa matatu. Wapo waliosema dereva amezeeka, aletwe kijana. Wapo waliosema tuchongeshe kabari mbili za mkaratusi, kwa kuwa mbao hazizami kama jiwe. Mjumbe mmoja alisema Allah ameilinda pikapu hiyo kwa miaka ishirini na ataendelea kuilinda, kwa hiyo fedha zilizopo zibaki kwa ajili ya kipaza sauti kama ilivyopangwa.

Mzee wetu aliitwa ili ajieleze. Alisema maneno machache: “Waitu, ule mkono haushiki. Tangu enzi za marehemu haushiki. Mimi na jiwe tumezoeana.”

Katika baraza lile hakuna neno lililotugusa kuliko hilo la kuzoeana. Watu wa Kagera tunaijua gharama ya kuizoea hatari. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka kwetu na kupitia Kemondo, ilipinduka karibu na Mwanza ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, na mamia ya roho zikapotea. Hadi leo zipo nyumba katika mkoa huu ambazo tarehe hiyo haipiti kimya. Chombo kinachobeba watu ni amana, kiwe meli au pikapu, na ubovu uliozoeleka hauwi uzima.

Mwenyekiti wetu alimjibu yule mjumbe kwa hadithi ambayo Imam Tirmidhi ameipokea kutoka kwa Anas bin Malik, ya mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w) kama amfunge ngamia wake na kumtegemea Allah, au amwache bila kumfunga na kumtegemea Allah, akaelekezwa amfunge kwanza kisha ategemee. Mwenyekiti akaongeza kwamba hendibreki ndiyo kamba ya ngamia wetu, na kamba hiyo imekatika. Uamuzi ukawa kwamba asiondolewe mtu wala isinunuliwe kabari mpaka fundi ayafungue magurudumu. Tuliuandika uamuzi huo katika muhtasari, kisha tukapewa jukumu la kwenda na gari gereji na kurudi na maelezo.

Chuoni tulisoma masharti ya wakfu kwa mihula kadhaa, lakini hakuna darasa lililotufunza kulala chali chini ya gari. Siku hiyo tulisoma. Tunayaeleza hapa tuliyoyaona, kwa kuwa tunaamini baba au mama mwenye gari nyumbani atanufaika nayo, hata kama hatashika spana mwenyewe.

Kwanza, namna breki hiyo inavyofanya kazi. Ndani ya kila gurudumu la nyuma la pikapu nyingi mna dramu, mfano wa sufuria nzito ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ndani ya dramu zimo shuu mbili, vipande vya chuma vyenye umbo la mwezi mchanga vilivyovishwa lainingi. Ukikanyaga kwa mguu, mafuta ya breki huzisukuma shuu hizo zikaukaba mwili wa dramu. Ukivuta kwa mkono, waya hutoka kwenye mkono wa breki, hupita chini ya gari, hugawanyika kwenda kushoto na kulia, na kuzitanua shuu zile zile. Kwa hiyo ni njia mbili zinazofika kwenye mlango mmoja. Njia ya mafuta ikivuja ukiwa kilimani, ile ya waya hubaki.

Fundi alianza ndani ya gari. Aliuvuta mkono taratibu akihesabu milio yake. Hendibreki nzima hushika kabla mkono haujafika mwisho wa safari yake, na kila aina ya gari ina idadi yake ya milio iliyoandikwa katika kitabu chake. Wetu ulikuja mpaka mwisho, mwepesi, kama kamba ya kisimani ambayo ndoo yake imekatika.

Kisha alihamia nje. Gari lilikuwa mahali tambarare. Kabla ya kuweka jeki, alilichukua lile jiwe jeusi pamoja na jiwe jingine, akayabana magurudumu ya mbele, mbele na nyuma yake. Akatueleza kwamba hapo ndipo mahali halali pa jiwe. Breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu, nayo gia, katika gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma, huzuia hayo hayo. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huliruhusu lizunguke hewani huku mwenzake wa chini naye akizunguka, na gari lililotiwa gia likaondoka juu ya jeki. Wanaobadilisha tairi kilimani bila kuyabana magurudumu ya mbele wajue wanalala chini ya nini. Alipokwisha kuinua, aliliweka gari juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake hailaliwi chini yake.

Hatua ya tatu ilihitaji watu wawili. Sisi tulivuta mkono, yeye akatazama chini. Waya wa mbele ulisogea. Kile kipande kinachougawa mvuto kilisogea, lakini kikaenda upande. Nyuma ya kila gurudumu pana kiungo chenye umbo la kiwiko ambacho huupokea mvuto wa waya na kuuingiza ndani ya dramu. Kiwiko cha kushoto kilicheza. Cha kulia hakikutikisika. Mpira uliokuwa ukikikinga ulikuwa umechanika zamani, na mahali pake palikuwa na udongo mwekundu uliokauka ukawa kama tofali.

Jambo hilo lisimshangaze mwenyeji wa huku. Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi zaidi nchini, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na njia nyingi za kwenda mashambani Muleba ni za udongo. Gari linalopanda Kamachumu na kushuka miaka ishirini hurudi na sehemu ya Kamachumu chini yake, na chuma kinacholala katika tope lenye unyevu huota kutu.

Fundi alituonyesha jambo jingine pale chini. Nati ya kukazia waya wa breki ilikuwa imefika mwisho wa nyuzi zake. Maana yake ni kwamba kila ilipolegea, mtu aliikaza tena bila kuyafungua magurudumu. Huko ni kutibu homa kwa kuvunja kipimajoto. Waya ukikazwa wakati shuu ziko mbali na dramu, viungo vya ndani havirudi mahali pake, na kile kifaa kinachopaswa kuzisogeza shuu hushindwa kufanya kazi yake. Kanuni aliyotupa fundi ni nyepesi kuikumbuka: shuu hurekebishwa kwanza, waya hukazwa mwisho.

Dramu hazikukubali kutoka kwa urahisi. Alitia boliti mbili katika matundu mawili yenye nyuzi yaliyo usoni mwa dramu, akazikaza kwa zamu, kidogo kidogo, hadi dramu ikasukumwa nje. Hakupuliza vumbi lililokuwa ndani. Aliliosha kwa maji na brashi, akatuambia kwamba lainingi za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia kifuani halitoki. Tunaliandika hili kwa ajili ya vijana wetu wanaojifunza ufundi, ambao tumewaona wakilipuliza kwa mdomo.

Upande wa kulia, shuu zilikuwa kavu, zimeshika kutu, na ziko mbali na dramu. Upande wa kushoto zilikuwa zimelowa oili nzito ya difu. Wapo wanaozimwagia petroli shuu za namna hiyo na kuzichoma ili oili itoke. Fundi wetu alikataa. Lainingi iliyokunywa oili hutupwa, na shuu hubadilishwa kushoto na kulia kwa pamoja, ili gari lisivutwe upande mmoja linapofunga breki.

Kisha akatafuta oili ilitoka wapi. Sili ya ekseli ilikuwa imechoka, na angeweza kuibadilisha akaishia hapo. Lakini alipanda juu ya difu, akakisafisha kijitundu ambacho watu wengi hawajui kama kipo. Difu ikipata moto hewa yake hutanuka na kutokea katika kijitundu hicho. Kikizibwa na tope, hewa hutafuta njia nyingine na kuisukuma oili ipite kwenye sili. Chetu kilikuwa kimezibwa kabisa. Sili mpya bila kukizibua kijitundu kile ingevuja tena.

Mwisho alituonyesha kile tulichokitaja awali, kirekebishi cha shuu, kigurudumu kidogo chenye meno. Lainingi inapolika, kigurudumu hicho huzisogeza shuu karibu na dramu. Katika pikapu nyingi za aina hii kinachokizungusha ni huo mkono wa breki: kila unapovutwa, na nafasi ikiwa imezidi, jino moja husogea. Wetu ulikuwa haujavutwa kwa miaka. Meno yalikuwa yameganda.

Tulimuuliza kwa nini basi hata pedeli ya mguu ilikuwa ikishuka karibu na sakafu. Akafuta mikono kwa kitambaa, akasema: “Ustadh, hii breki imeuawa na jiwe.”

Akatufafanulia, na hapo mambo yote tuliyoyaona yakaungana. Kiwiko kilipoganda na oili ilipovuja, mkono ulidhoofika. Mkono ulipodhoofika, dereva akachukua jiwe. Alipopata jiwe, aliacha kuuvuta mkono. Mkono ulipoacha kuvutwa, kirekebishi hakikuzunguka, shuu zikawa mbali na dramu, na mguu ukalazimika kuisukuma pedeli mbali zaidi kabla ya kuzifikia. Kwa hiyo jiwe ambalo lilidhaniwa limekuja kuziba pengo la breki moja lilikuwa linaila na ya pili. Siku ile Kamachumu, jiwe na pedeli vilishindwa katika dakika moja, na havikushindwa kwa bahati mbaya. Kimoja ndicho kilichokidhoofisha kingine.

Matengenezo yenyewe yalichukua siku moja na nusu. Viwiko vilifunguliwa, vikasuguliwa kwa msasa, vikatiwa grisi na mipira mipya. Sili zilibadilishwa, kijitundu kikazibuliwa, shuu mpya zikafungwa. Kirekebishi kilizungushwa mpaka dramu ikakataa kuzunguka, kisha kikarudishwa meno machache hadi ikazunguka kwa uhuru. Mkono ukavutwa na kuachiwa mara nyingi, na ndipo waya ukakazwa, mwisho kabisa. Fundi aliliendesha gari kwa muda, akashuka kuhakikisha dramu hazipati moto kupita kiasi, jambo ambalo lingeonyesha kwamba shuu zinakwaruza.

Jaribio lilifanyika kwenye kilima kisicho na msongamano, gari likiwa tupu kisha likiwa na mzigo, likitazama juu kisha chini. Gia ilitolewa, mkono ukavutwa, mguu ukaachiwa lakini ukabaki juu ya pedeli, na hakuna aliyeruhusiwa kusimama mbele wala nyuma. Gari lilitulia. Mzee wetu, aliyekuwa kwenye usukani, alitazama kwenye kioo cha pembeni kumtafuta mjukuu wake, kisha akakumbuka kwamba hakuja.

Gharama yote, spea na ufundi, ilikuwa shilingi 195,000, na kamati ililazimika kuzitoa katika fedha za kipaza sauti. Hapa elimu ya chuoni ilitufaa. Wanazuoni wa fiqhi wameeleza kwamba mali ya wakfu huanza kutengenezwa yenyewe kabla manufaa yake hayajagawanywa, kwa kuwa kitu kikiharibika thawabu ya mtoaji hukatika. Kipaza sauti kingesubiri. Waumini wa jirani wanamsikia mwadhini wetu bila shida.

Palibaki suala la adabu. Marehemu hasemwi kwa ubaya, na familia iliyotoa kwa moyo safi haistahili kusikia kwamba sadaka yake ilikuwa na kasoro. Katika muhtasari tuliandika kwamba gari limefanyiwa matengenezo ya breki ya mkono, tukaishia hapo. Lakini Bukoba si mji mkubwa. Wiki ile ile mjane wa marehemu alikuja msikitini, akaomba kulitazama gari. Tulimfungulia mlango, naye akauvuta mkono wa breki mara mbili, akausikiliza.

“Mwanangu,” akasema, “kabla ya huyo mtoto, aliyekuwa akiruka na jiwe alikuwa kijana wangu. Na kabla ya kijana wangu, nilikuwa mimi, hata nikiwa mjamzito.”

Hakulalamika. Alifungua pindo la kanga, akatoa shilingi 50,000, akasema ziingie katika gharama za shuu kwa jina la mumewe. Tulimwandikia stakabadhi.

Maneno yake ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii. Ndugu wazazi, katika nyumba zetu nyingi ubovu wa chombo hulipiwa na aliye mdogo au dhaifu zaidi. Baba hukaa kwenye usukani, na mtoto hutumwa nyuma ya gurudumu, mahali ambapo dereva hamwoni. Mtoto mwenyewe hufurahi na kujiona utingo hodari, na sisi humsifu kwa wepesi wake. Lakini tukipiga hesabu sawasawa, tumeyachukua mapungufu ya waya na kutu tukayabebesha kifua cha mtoto wa miaka 11. Fedha ya shuu haikuokolewa. Imewekwa rehani, na rehani yenyewe ni mtoto.

Basi tunashauri machache. Uvute mkono wa breki kila unaposimama, hata uwanjani pako ambapo ni tambarare, kwani kuvutwa ndiko kunakouweka hai. Usiitegemee gia peke yake: injini iliyochoka huachia polepole, na katika magari yenye gia ya ziada ya milimani, gia hiyo ikiwa katikati hakuna kinachoshikwa kabisa isipokuwa breki. Ukisimama mteremkoni, geuza magurudumu ya mbele yaelekee ukingo wa barabara, ili gari likiponyoka lielekee pembeni. Pedeli ikianza kushuka, usikimbilie kuongeza mafuta ya breki kabla ya kujua yamekwenda wapi, na umwombe fundi azifungue dramu. Usingoje Wiki ya Nenda kwa Usalama ndipo ulikumbuke gari lako. Stika kwenye kioo haivuti waya. Ukilazimika kulibana gari kwa jiwe kwa sababu ya dharura, aliweke mtu mzima akiwa upande wa gari na si nyuma yake, huku dereva amekanyaga breki. Na ukiondoka, ondoka na jiwe lako.

Jiwe jeusi la marehemu hatukulitupa. Liko nyuma ya kiti pamoja na jeki, likingoja siku ya pancha. Mjukuu wa mzee alihuzunika alipoambiwa kwamba kazi yake imekwisha, hivyo babu yake akampa nyingine. Siku za Alhamisi baada ya madrasa, gari likiwa limezimwa uwanjani, hukaa naye ndani na kuuvuta mkono huku mtoto akihesabu milio kwa sauti na kuandika idadi katika daftari. Idadi ikianza kupanda, atatuambia.

Wabillahi tawfiq.